Majuji Husema Usiku, Bunduki Husema Mchana



Sisi makarani tuna tabia moja mbaya. Karatasi ikitufikia, hatuanzi kusoma maneno yake. Tunatazama kwanza juu, iliandikwa siku gani, halafu chini, nani aliitia sahihi. Kwa tabia hiyo tumejifunza jambo ambalo hata mapadri waliotufundisha shuleni hawakutuambia, kwamba habari njema hubandikwa asubuhi na habari mbaya hubandikwa saa ya kufunga ofisi. Nani kati yenu amepata kuona makato ya mshahara yakibandikwa Jumatatu? Hubandikwa Jumamosi saa sita, mkubwa wa ofisi amekwisha kuvaa kofia yake, na ukimwuliza sababu anajibu, "Tutaonana Jumatatu."

Basi tumechukua tarehe za Majuji Wakubwa wa inchi yetu, tukazipanga katika buku kama tunavyopanga siku za kazi, na tumeona kwamba waheshimiwa hao, pamoja na majoho yao mazuri, ni makarani kama sisi.

Tuanze na tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 2016. Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unakwisha tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka ule ule. Katiba inasema mihula ni miwili tu. Tena kifungu cha 73 kinaamuru tume ya uchaguzi iwaite watu kupiga kura siku 90 kabla ya muhula kwisha. Uchaguzi haukuwa tayari, na kila mtu mwenye macho aliona kwamba hautakuwa tayari. Wabunge wa upande wa Rais wakaenda kuiuliza Korti ya Katiba: saa ikigonga, nani atakaa katika kiti? Korti ikafungua kifungu cha 70, ikajibu kwamba Rais anabaki mpaka siku ambayo mwingine aliyechaguliwa ataingia kweli kweli.

Maneno hayo yamo katika Katiba, hatukatai, tuliyasoma hata sisi. Lakini yaliandikwa ili nyumba isikose mlinzi usiku mmoja, kati ya mlinzi anayetoka na mlinzi anayeingia. Korti iliyasoma kana kwamba mlinzi wa zamani asipomwita mpya, nyumba ni yake. Ninyi watu wa shimo mnajua zamu. Tuseme mfanyakazi wa zamu ya usiku anakataa kutoka kwa sababu mwenzake wa asubuhi hajafika, na ni yeye mwenyewe aliyeificha baiskeli ya mwenzake. Msimamizi gani atamwandikia masaa ya ziada? Korti iliyaandika. Zamu ile iliendelea mpaka tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 2019, miaka miwili na zaidi.

Na ule mwezi wa 12 wa 2016 ulipofika, watu walifanya nini? Walipuliza filimbi, kama refa anayemwambia mchezaji kwamba mchezo umekwisha. Filimbi zikajibiwa na risasi, Kinshasa na kwetu Lubumbashi pia, na watu wakafa. Hukumu ilisomwa mwezi wa 5. Bunduki zikaja kuifafanua mwezi wa 12. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Halafu usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 mwezi wa 1 mwaka 2019. Martin Fayulu alikuwa ameomba kura zihesabiwe tena. Umoja wa Afrika ulikuwa umeomba matokeo ya mwisho yangoje kidogo, wajumbe wake waje kutazama. Korti haikungoja. Saa sita ya usiku ilipita, inchi imelala, majuji wakasoma: ombi limekataliwa, Félix Tshisekedi ndiye Rais. Labda hukumu ilikuwa ya haki, labda haikuwa. Sisi hatukuhesabu kura zile. Tunauliza tu kama kichwa chenye usingizi ndicho kinachofikiri vizuri. Mwezi wa 6 wa mwaka ule ule, tarehe 10, Korti hiyo iliondoa wabunge karibu 30, wengi wao wa upinzani, na wiki chache baadaye ikarudisha baadhi yao kwa sababu ya makosa ya kuandika. Makosa ya kuandika! Karani wa mgodi akikosea jina la mtu mmoja katika buku la mishahara, anaitwa mbele ya mkubwa kabla ya jua kuchwa.

Msifikiri ni sisi tu. Ng'ambo ya kizuizi chetu, kwa ndugu zetu wa Mufulira ambao radio zao tunazisikiliza kila siku, Korti ya Katiba ya Zambia ilikuwa na siku 14 za kusikiliza malalamiko ya Hakainde Hichilema juu ya uchaguzi wa 2016. Siku zikaliwa na maneno ya mawakili, na tarehe 5 mwezi wa 9 majuji watatu juu ya wawili wakasema: siku zimekwisha, nendeni nyumbani. Malalamiko yenyewe hayakusikilizwa. Kumbe saa ya ukutani nayo ni juji.

Sasa tuje kwenye bunduki, maana ndizo zilizotufanya tushike kalamu.

Mokambo, kama mjuavyo, ni mahali pa kungoja. Malori hujipanga, dereva hungoja karatasi, na mtu anayengoja hunywa munkoyo na kusema siasa. Jioni moja dereva kijana alisema kwa sauti: "Dawa ni moja. Watupe haki ya bunduki kama Wamarekani. Juji akijua kwamba nyumba kumi za mtaa wangu zina bunduki, hatasoma hukumu usiku." Wengine walicheka, lakini wengine waliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja aliyekwisha kustaafu kazi ya shimo akamwuliza pole pole, "Mwanangu, na nyumba ya kumi na moja je?"

Kijana hakujibu. Sisi tutajaribu kujibu kwa niaba yake, na tutaanza kwa hao Wamarekani anaowapenda.

Korti Kuu ya Marekani huenda kupumzika mwisho wa mwezi wa 6 au mwanzo wa wa 7, na kesi nzito huziacha kwa siku za mwisho, sawa na mkubwa wetu mwenye kofia. Tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka 2008, majuji watano juu ya wanne walisema kwamba mwananchi ana haki ya kuweka bunduki nyumbani mwake ajilinde. Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 2022, majuji sita juu ya watatu walivunja sheria ya New York ya zaidi ya miaka 100, iliyotaka mtu aonyeshe sababu ya pekee kabla ya kupewa ruhusa ya kutembea na bastola. Hukumu hii ya pili ilisomwa wakati inchi ile ilikuwa bado katika kilio. Karibu mwezi mmoja nyuma, tarehe 24 mwezi wa 5, katika mji wa Uvalde, kijana mmoja mwenye bunduki aliingia shuleni akaua watoto 19 na walimu 2. Hiyo ndiyo nyumba ya kumi na moja, kijana wetu.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni sababu waliyotoa. Juji Clarence Thomas aliandika kwamba serkali ikitaka kuzuia bunduki, lazima ionyeshe kwamba kizuizi cha namna hiyo kinalingana na desturi ya zamani ya inchi, tangu siku za mababu. Haya. Kama desturi ya mababu ndiyo sheria, sisi watu wa Katanga tuna mababu pia. Tuwaite washuhudie.

Haki ya bunduki ya Wamarekani ilitiwa katika Katiba yao tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 1791. Miaka 100 na siku tano baadaye, tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, pale Bunkeya, Kapiteni Omer Bodson wa safari ya Stairs alimpiga risasi Mwami Msiri akafa. Bodson naye alikufa kwa risasi katika ugomvi ule ule. Msiri hakuwa mtu asiye na bunduki. Ufalme wake wa Wayeke ulisimama juu ya bunduki, alizozinunua kwa shaba, pembe na watumwa, baruti ikija toka pwani ya Angola na toka mashariki. Waulizeni Wasanga kama walizifurahia. Mtu mwenye bunduki nyingi alitawala mpaka alipofika mtu mwenye bunduki bora. Na huyo wa pili alikuja na karatasi ya Mfalme Léopold II mkononi.

Karatasi nyingine ilikuwa imetangulia. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano ya Bruxelles. Yalichora mistari miwili juu ya Afrika, mmoja kaskazini kwenye digrii 20 na mmoja kusini kwenye digrii 22, yakakataza bunduki za kisasa ziingie katikati kwa watu wa inchi. Gobori la jiwe na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba biashara ile mbaya ilitembea kwa bunduki. Lakini tazameni kilichobaki wino ulipokauka: mwenye inchi ana gobori, mgeni ana bunduki ya risasi nyingi, na sheria iko kwa mgeni. Hiyo ndiyo desturi yetu ya mababu, bwana Juji Thomas. Ukitusaidia kuifuata, utakuwa umetuua.

Wazee wa kampi za Union Minière waliionja desturi hiyo tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, shaba ilitakiwa usiku na mchana, mishahara haikutosha, na wafanyakazi wa Élisabethville wakagoma. Walikusanyika katika uwanja wa mpira bila silaha. Gavana Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, karani, mtu wa kalamu kama sisi, ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake, naye aliuawa pale pale. Hesabu ya serkali ya Wabelgiji yenyewe ilisema wafu 48; watu wa kampi siku zote walisema ni zaidi. Hakuna korti iliyosoma hukumu juu ya siku ile, wala usiku wala mchana.

Baada ya uhuru je? Fungueni Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 64. Kinasema kwamba kila Mukongomani ana wajibu wa kumzuia mtu yeyote au kundi lolote linalotwaa utawala kwa nguvu, au linalotawala kinyume cha Katiba. Someni tena neno hilo: wajibu, si haki tu. Halafu someni sheria ya silaha ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985, inayosema kwamba hakuna mtu wa kushika bunduki bila ruhusa ya serkali. Yaani tumetumwa shimoni kuvunja mwamba, na sululu imebaki katika ofisi ya yule yule ambaye mwamba ni wake.

Hatusemi sheria ya 1985 ni mbaya. Tunafurahi kwamba dereva wetu hana bunduki, hasa baada ya munkoyo wa tatu. Ubaya ni kwamba sheria hiyo inamjua mtu mwenye gobori moja tu. Mtu mwenye bunduki mia haimtambui. Mnakumbuka Gédéon Kyungu Mutanga? Tarehe 5 mwezi wa 3 mwaka 2009, korti ya kijeshi iliyokaa Kipushi ilimhukumu kifo kwa mambo aliyoyafanya na watu wake kaskazini ya Katanga. Mwezi wa 9 mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbia porini. Mwezi wa 10 mwaka 2016 akatoka porini kwa hiari yake. Mliona alivyopokewa? Kwa sherehe, mbele ya wakubwa, akapewa nyumba Lubumbashi. Alikaa humo mpaka mwezi wa 3 mwaka 2020, halafu akatoroka tena, kama mpangaji anayeondoka bila kulipa. Mtu aliyeiba waya wa shaba mita kumi bado yumo Kasapa.

Kifungu cha 190 cha Katiba ile ile kinasema kwamba kuunda jeshi la mtu binafsi au kulisha vijana wenye silaha ni uhaini mkubwa. Lakini vita vya M23 vilipokaza katika Kivu, vijana wenye bunduki walipewa jina la Wazalendo, na mwaka 2023 ikatungwa sheria ya jeshi la akiba ili wapate mlango wa kuingilia. Tunawaelewa watu wa Kivu wanaojitetea. Anayechomewa nyumba hangoji semina ya sheria. Tunasema tu kwamba kifungu cha 190 hakikufutwa. Kimewekwa kabatini, na kitatolewa siku Mzalendo mmoja atakapoacha kupendwa.

Hivyo ndivyo tulivyofikia hukumu kubwa ya mwaka 2025. Tarehe 30 mwezi wa 9, Korti Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo Joseph Kabila kwa uhaini na kwa makosa ya vita, yeye mwenyewe hayupo, na ikaamuru alipe dola milliard 33. Sisi wa hesabu tulijaribu kuiandika namba hiyo katika buku: 33, halafu sifuri tisa. Mstari haukutosha. Hatumtetei Kabila, waliokufa kwa filimbi mwaka 2016 ni ndugu zetu, na juu ya hao hakuna swali aliloulizwa katika kesi ile. Lakini zipangeni tarehe. Alipokuwa na jeshi, majuji wa juu walimpa miaka aliyoitaka. Jeshi lilipohamia kwa mwingine, majuji wengine wa juu wakampa kifo. Wale Wamarekani watatu waliohukumiwa kifo mwezi wa 9 mwaka 2024 kwa shambulio la Christian Malanga la tarehe 19 mwezi wa 5, mnajua walipo? Mwezi wa 4 mwaka 2025 Rais aliwaondolea kifo, wakapandishwa ndege kwenda kwao. Wenzao Wakongomani hawakuiona ndege ile.

Na mchimbaji asiye na jina? Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 2025, kule Kalando katika Lualaba, daraja la wachimbaji lilianguka na watu 32 au zaidi wakafa. Taarifa ya SAEMAPE, ofisi ya serkali inayosimamia wachimbaji wadogo, ilisema watu walikimbilia darajani kwa hofu baada ya kusikia milio ya bunduki za askari. Kwa hiyo, kijana wetu dereva, haki ya bunduki ambayo fukara wa inchi hii anaihitaji ni ya namna nyingine: haki ya kwamba bunduki isiwe mbele yake kila anapoomba posho.

Hatuandiki haya kwa kupenda mambo yaliyopita. Muhula wa pili wa Rais Tshisekedi ulianza tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2024, nao ni wa miaka mitano. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Kifungu cha 220 kinakataza kabisa kugusa idadi ya mihula na urefu wake. Lakini mwezi wa 10 mwaka 2024, kule Kisangani, Rais alisema ataunda tume ya kutayarisha Katiba mpya, na mwezi uliofuata akalirudia jambo hilo Lubumbashi, mbele ya watu wetu. Ana ruhusa ya kusema. Sisi tuna ruhusa ya kutazama kalenda. Swali la 2016 linaweza kurudi mbele ya meza ile ile, na safari hii hatutaki kungoja majibu mpaka yafafanuliwe na bunduki.

Kwa hiyo tunawaomba waheshimiwa wa Korti ya Katiba jambo moja, nalo halina gharama. Mkiulizwa juu ya muhula unaokwisha, jibuni mapema, uchaguzi ungali unaweza kutayarishwa. Someni hukumu yenu saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, milango wazi. Mkisoma kifungu cha 70, someni pia cha 64, cha 73, cha 190 na cha 220, kwa sauti ile ile. Hapa Mokambo tutawasikiliza kwa radio, madereva na wauza unga na yule mzee, na karani wa zamu ataandika bukuni saa mliyoanza na saa mliyomaliza.